Tachi ya Kiwanda cha Barafu: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Pemba

Kiwanda chenyewe ni kidogo. Kina chumba cha mashine, ghala la barafu, dirisha la kuuzia, na paneli moja ya inchi 7 ukutani yenye tachi, yaani skrini inayoitika ikiguswa, ambayo ndiyo inayoamrisha kila kitu: kompresa, pampu ya maji, muda wa kugandisha, muda wa kuvuna barafu iliyoganda, na ile parafujo kubwa ya chuma inayosukuma barafu kutoka ghalani hadi kwenye sanduku la mteja. Kipo kaskazini ya Pemba, karibu na pwani kiasi kwamba kusi ikivuma chumvi hutua juu ya kila kitu, mpaka kwenye vitasa vya milango. Wateja wake ni wavuvi na wachuuzi wa samaki. Chombo kikitoka bila barafu ya kutosha, nguru na changu wa usiku mzima huuzwa asubuhi kwa bei yoyote atakayoitaja mnunuzi, kwa sababu kufika mchana hawafiki. Kwa hiyo paneli ile ilipoanza kukaidi, wa kwanza kujua walikuwa mabaharia waliosimama foleni na masanduku matupu.

Niliitwa na mwenye kiwanda, mama ambaye wafanyakazi wake wote humwita Bi Mkubwa. Swali lake lilikuwa fupi: "Mwanangu, ninunue paneli mpya, au hii ina dawa?" Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu swali hilo hilo huulizwa visiwani kote, kwenye mizani za kielektroniki, mashine za kuuzia, mitambo ya kuchuja maji na vifaa vya maabara, na mara nyingi jibu hutolewa kabla ya mtu kufungua hata skrubu moja.

Ilivyokuwa ikifanya

Malalamiko yalikuwa matatu, ingawa watu walikuwa wakiyasema kama ni moja. La kwanza, kitufe cha TOA, kilichopo kona ya chini kulia, kilikuwa hakiitiki mpaka kikandamizwe kwa nguvu, na baadaye hata kwa nguvu hakikuitika. La pili, upande wa kulia wa skrini ulikuwa umehama: ukibonyeza kitufe, kinachoitika ni kilicho kushoto yake. Upande wa kushoto wenyewe ulikuwa mzima. La tatu, alfajiri, kabla chumba hakijapata joto, paneli ilikuwa ikijibonyeza. Kurasa zilifunguka na kufungika zenyewe, na usiku mmoja pampu ya maji ilizimika bila ya mtu kuigusa.

Hilo la tatu ndilo lililonikosesha utulivu tangu mwanzo. Skrini isiyosikia inakera. Skrini inayoamrisha mashine yenye chuma kinachozunguka, huku mtu ameingiza koleo ghalani, inaweza kumkata mtu mkono.

Rai zilikuwa zimeshatolewa nyingi. Fundi mmoja wa simu alisema tachi imekufa, basi. Aliyeuza mitambo alisema paneli nzima ibadilishwe, na bei aliyoitaja ilikuwa faida ya msimu. Mpwa wa Bi Mkubwa, kijana mwerevu aliyesoma kompyuta, alikuwa na rai ya tatu: vile vioo vya kubonyeza ni vya kizamani, sasa kila mtu anatumia kishikwambi, na kidhibiti cha mashine kina mlango wa mtandao, kwa hiyo kishikwambi kimoja cha bei nafuu kingetosha. Rai yake ilikuwa na mantiki, na yeye hakuishia kuisema, aliijaribu. Jaribio hilo lilitufundisha zaidi ya vipimo vyangu vyote, ndiyo maana naanza nalo.

Kishikwambi kwenye chumba cha barafu

Ofisini kilifanya kazi vizuri mno. Picha ilikuwa safi, rangi zinang'aa, kidole kikiteleza tu kurasa zinafuata. Kilipotundikwa kando ya dirisha la kuuzia mambo yakageuka. Wafanyakazi wa barafu huvaa glavu nene za mpira, na kwa glavu hizo kishikwambi hakikusikia chochote. Walipozivua, mikono ilikuwa imelowa maji yenye chumvi, na hapo kikawa kinasikia visivyokuwepo: tone lililotiririka kutoka juu ya kioo lilifungua kurasa njiani, na kiganja kilichoachia maji kikawa vidole vitano. Kompresa ilipowaka, kikawa kinarukaruka hata kikiwa kikavu.

Hakuna kilichoharibika humo. Skrini za vishikwambi na simu za leo ni za kapasita. Nyuma ya kioo pana gridi ya njia nyembamba za umeme zisizoonekana kwa macho, na chaji iliyopo hapo hubadilika kinapokaribia kitu kinachopitisha umeme. Kidole kinapitisha umeme kwa sababu mwili una maji na chumvi. Mpira haupitishi, kwa hiyo glavu nene humficha mtu. Maji ya bahari yanapitisha vizuri sana, kuliko ya bomba, kwa hiyo tone la maji hayo hujitambulisha kama kidole. Na kwa kuwa skrini hiyo husikiliza mabadiliko madogo mno ya chaji, kelele za umeme kutoka kwenye mota kubwa iliyo jirani, hasa ikiwa kishikwambi kinachajiwa kwa chaja ya bei rahisi, humchanganya msikilizaji huyo.

Nitende haki: zipo skrini za kapasita zilizotengenezwa kwa viwanda, ambazo programu yake imerekebishwa ili zikubali glavu na zipuuze matone. Zipo, zinafanya kazi, na bei yake si ya kishikwambi cha dukani. Anayesema "kapasita haifai kwenye maji" anasema zaidi ya ukweli. Lakini kile kilichokuwa kimetundikwa dirishani hakikuwa cha aina hiyo.

Msimamizi wa zamu, mzee aliyefanya kazi na mashine ile tangu ilipofungwa, alilisema vizuri kabla sijafungua mdomo: "Fundi, ile ya zamani ukiipapasa kama simu haikusikii. Uibonyeze ndo isikie. Lakini iko radhi na mkono wowote."

Inavyosikia

Iko radhi na mkono wowote kwa sababu haijali mkono ni wa nini. Paneli ile ni ya skrini ya ukinzani, yaani ile hali ya kitu kuuzuia umeme kiasi unapopita. Juu yake pana utando wa plastiki unaopinda, chini yake kioo kigumu. Nyuso zao mbili zinazotazamana zimepakwa oksaidi ya indiamu na bati, ambayo ni kitu adimu kwa tabia yake: kinapitisha mwanga na umeme kwa pamoja, ingawa kwa ukinzani kiasi. Katikati yao pana nafasi ndogo kuliko unene wa nywele kadhaa, na vinundu vidogo vya plastiki visivyopitisha umeme vimetapakaa humo ili matabaka yasigusane yenyewe. Ukibonyeza, utando unapinda kati ya vinundu na kugusa kioo cha chini. Hapo tu ndipo umeme unapovuka.

Kujua mguso uko wapi ni hesabu ya volti. Kidhibiti cha tachi, kilichomo ndani ya paneli, huweka, tuseme, volti 5 kwenye ukingo mmoja wa tabaka la chini na sifuri kwenye ukingo wa pili. Kwa kuwa tabaka lina ukinzani uliosambaa sawasawa, volti hupungua taratibu kutoka ukingo hadi ukingo. Ni kama mtu anayetembea majini kwenye ufukwe ulioinama sawasawa: kina kikimfika kiunoni anajua, bila ya kugeuka nyuma, ameondoka masafa gani kutoka mchangani. Tabaka la juu, linapogusa, husoma kina hicho tu. Likisoma volti 3.2 kati ya 5, mguso uko asilimia 64 ya upana wa skrini. Kisha kazi hugeuzwa: volti huwekwa kwenye kingo za juu na chini za utando, na tabaka la kioo ndilo linalosoma. Mara mbili hizo hutoa mlalo na wima, na yote hufanyika kwa sehemu ndogo ya sekunde, tena na tena. Kidhibiti cha biti 10 huigawa volti hiyo katika hatua 1,024, zinazotosha kwa skrini yenye nukta 800 kwa upana.

Nyaya nne zinatoka: mbili za mlalo, mbili za wima. Ndiyo maana huitwa ya nyaya nne. Nyingine ni ya nyaya tano, na tofauti yao ina uzito katika kisa hiki, nitaifikia.

Fikra hii si mpya hata kidogo. Skrini ya kapasita ilitangulia: E. A. Johnson wa kituo cha utafiti wa rada cha Malvern, Uingereza, aliielezea katika makala ya 1965. Ya ukinzani ilitokana na kazi ya G. Samuel Hurst wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hurst alikuwa mwanafizikia aliyetafuta njia ya haraka ya kusoma data kutoka kwenye chati za karatasi, na kampuni yake, Elographics, ndiyo iliyotoa ile ya nyaya tano mwaka 1977. Waliokuwa na Nokia 5800 ya 2008 wanaikumbuka tachi ya aina hii mfukoni mwao, na jinsi ukucha ulivyokuwa ukifanya kazi kuliko ncha ya kidole. Kwenye simu ilishindwa, na ilistahili kushindwa: vidole viwili haivielewi, kwa sababu migusano miwili kwenye tabaka moja husomwa kama mmoja ulio kati yao, na mwanga unaopita kwenye matabaka yake ni asilimia 75 hadi 80 hivi, wakati kioo cha kapasita hupitisha karibu na 90. Kwenye jua picha hufifia na kumeta. Watu walioonja simu za baada ya 2007 hawakurudi nyuma.

Hapo ndipo lilipotoka neno la mpwa, "ya kizamani". Lakini kiwanda cha barafu si mfuko wa suruali.

Vipimo

Nilianza na usawazishaji, yaani ule ukurasa wa paneli unaokutaka ubonyeze alama za msalaba pembeni na katikati ili hesabu zake zilingane upya na picha. Nilifanya hivyo kwa sababu ni bure na hauhitaji kufungua chochote. Kwa saa chache skrini ikawa sawa, isipokuwa ile kona ya TOA. Kufika jioni upande wa kulia ulikuwa umehama tena. Hii ni dalili yenye maana kubwa: usawazishaji husahihisha kosa lililotulia. Kosa likirudi, kuna kitu kinachobadilika, na kuendelea kusawazisha kila asubuhi ni kuuficha ugonjwa.

Umeme ukazimwa, paneli ikafunguliwa, utepe wa tachi, ule unaobeba nyaya zake nne, ukachomolewa. Kwa mita ya kawaida kabisa, ile ambayo kila fundi wa Chake Chake anayo, unaweza kuijua afya ya tachi ya nyaya nne bila ya kifaa kingine. Pima ukinzani wa nyaya mbili za tabaka moja: uwe mamia ya omu, ambayo ndiyo kipimo cha ukinzani, na utulie. Pima wa tabaka la pili vivyo hivyo. Kisha pima kati ya waya wa tabaka moja na waya wa tabaka lingine bila ya kugusa skrini: mita isionyeshe njia yoyote. Gusa skrini, njia ionekane. Ondoa kidole, itoweke.

Nyaya za mlalo zilisoma omu 455, na namba ikawa inacheza nilipoutikisa utepe karibu na mwisho wake. Kwenye ncha ya waya wa upande wa kulia palikuwa na weusi na unga wa kijani, kazi ya hewa ya chumvi. Nikaisafisha kwa raba ya shuleni na spiriti, nikapima tena: omu 405, imetulia. Omu 50 zilikuwa za kutu. Zinaonekana chache, lakini tazama zinavyofanya. Zimekaa kati ya volti na ukingo wa kulia wa kioo, kwa hiyo zinakula asilimia 11 ya volti kabla haijafika kwenye tabaka. Mguso wa ukingo wa kulia kabisa, unaotakiwa usomwe 100, unasomwa 89. Skrini ya inchi 7 ina upana wa sentimita 15 na zaidi kidogo, na asilimia 11 yake ni karibu sentimita 1.7, upana wa kidole. Ukielekea kushoto kosa linapungua mpaka linakwisha. Ndiyo sababu kulia kulihama na kushoto kukabaki. Na kwa kuwa kutu hubadilika kwa joto na unyevu, usawazishaji wa asubuhi haukufika jioni. Lalamiko la pili lilipata jibu lake pale, kwa raba.

La tatu lilikuwa chini ya fremu. Paneli hushikwa ukutani na fremu inayoukalia ukingo wa skrini, na mfereji wa chini wa fremu hiyo ulikuwa umejaa tabaka gumu la chumvi, miaka ya matone yaliyotiririka na kukaukia hapo. Usiku chumvi hunyonya unyevu, huvimba, na fremu ilikuwa imekazwa kupita kiasi, pengine na mtu aliyetaka kuzuia maji. Utando ulikuwa ukisukumwa ukingoni mpaka ukagusa kioo. Kwa skrini ya ukinzani hakuna tofauti kati ya kidole na fremu iliyokazwa: mkandamizo ni mkandamizo. Mita ilionyesha hivyo hivyo, njia ya umeme kati ya matabaka bila ya mtu kugusa, ikatoweka nilipolegeza skrubu mbili za chini. Tuliacha chumvi ikiwa imetolewa na skrubu zimekazwa kwa kiasi, na alfajiri iliyofuata paneli haikujibonyeza.

Huu ni udhaifu ambao wanaozisifu skrini hizi huuruka. Tone la maji haliwezi kuzidanganya, lakini uchafu unaobana unaweza, na ukizidanganya ni vigumu kuuona kwa sababu umejificha.

Ikabaki kona ya TOA. Hapa hapakuwa na la kusafisha. Nilipoiangalia kwa tochi ya pembeni, utando mahali pale ulikuwa na ukungu na nyufa ndogo zilizopangana kama duara, na katikati pana makovu ya kuchomwa kwa ncha kali. Msimamizi akaniambia bila ya kuficha kwamba kitufe kilipoanza uzito, vijana walikuwa wakikibonyeza kwa mpini wa kisu, kwa kalamu, kwa chochote. Oksaidi ile ni ngumu na haipindi kama plastiki iliyoibeba. Inapopindwa mahali pamoja mara nyingi hupasuka, na ikipasuka utando unaweza kugusa kioo bila ya umeme kupita. Watengenezaji huandika kwamba skrini ya nyaya nne huvumilia kama migusano milioni 1 mahali pamoja, na hiyo hupimwa kwa ncha laini ya mpira. Kwa makisio ya msimamizi, TOA ilikuwa ikibonyezwa mara 300 hivi kwa siku, na paneli ina miaka mitano. Ni zaidi ya nusu milioni, pahali pamoja, na sehemu yake kwa chuma. Haikudhulumiwa na mtengenezaji.

Kwenye skrini ya nyaya tano mambo yangekuwa mengine. Huko mlalo na wima vyote hupimwa kwenye kioo cha chini kupitia pembe zake nne, na utando wa juu hufanya kazi moja tu ya kusoma volti. Ukichakaa mahali pamoja, hesabu ya sehemu nyingine haiharibiki. Watengenezaji huzipa migusano milioni 35 au karibu na hapo. Bei iko juu, na kidhibiti chake ni tofauti, kwa hiyo huwezi kuibandika kwenye paneli ya nyaya nne ukategemea itaelewana.

Uamuzi

Bi Mkubwa alikuwa na njia tatu mbele yake, na moja niliipinga waziwazi. Paneli mpya nzima ingemaliza tatizo, kisha ingelirudisha baada ya miaka, kwa sababu kitufe cha TOA kingekuwa kona ile ile, na chumvi ingejaa fremu ile ile. Kishikwambi kilikuwa kimeshajijibu. Tulichofanya ni kubadilisha tachi peke yake. Watu wengi hawajui kwamba tachi na kioo cha picha ni vitu viwili vilivyobandikwa pamoja, na kwamba tachi ya nyaya nne ya inchi 7 inapatikana Kariakoo kwa sehemu ndogo sana ya bei ya paneli. Inatakiwa vipimo vya nje vilingane, utepe utokee upande ule ule, na mpangilio wa nyaya nne uhakikishwe kwa mita kabla ya kubandika, kwa sababu zipo zinazofanana kwa umbo huku nyaya zake zimepishana. Ukiikosea, kulia kutakuwa chini, na utadhani umeuziwa mbovu.

Ilibandikwa kwa gundi ya pande mbili, ukingo ukazibwa kwa silikoni isiyo ya siki, maana mvuke wa ile ya siki hula shaba. Ncha ya utepe ikapakwa kinga ya unyevu. Juu ya utando tukaweka karatasi nyembamba ya plastiki ya kinga, inayobadilishwa ikichakaa. Kibanio cha fremu sasa kina alama ya rangi kwenye skrubu: ikifika hapo, basi.

Hata hivyo, lililokuwa muhimu kuliko yote halikuhusu tachi. Nilimwambia Bi Mkubwa kwamba kitufe kinachobonyezwa mara 300 kwa siku hakitakiwi kuwa kwenye skrini ya aina yoyote. Tukafunga swichi ya kubonyeza isiyopitisha maji, ya chuma, kando ya dirisha, ikapeleka ishara moja kwa moja kwenye kidhibiti cha mashine kupitia mlango wa ziada uliokuwa haujatumika. Mkono wenye glavu unaipiga, mtu anaisikia ikibofya, hana haja ya kutazama. Skrini ikabaki na kazi zake zinazostahili: kuonyesha joto, kubadilisha muda wa kugandisha, kusoma hitilafu.

Na kitufe cha dharura. Mashine ile ilikuwa haina. Kusimamisha kila kitu kulikuwa ni kitufe chekundu kilichochorwa kwenye skrini, na kwa miezi ile yote upande wa kulia ulipokuwa umehama, mtu aliyekibonyeza kwa hofu angeweza kuwasha ukurasa wa joto. Hili lilinikasirisha na bado linanikasirisha. Kusimamisha kwa dharura kunatakiwa kuwe kwa swichi halisi, nyekundu, inayokata umeme wa mota yenyewe, isiyopita kwenye programu wala kwenye tachi. Sasa kipo kimoja dirishani na kimoja mlangoni mwa ghala. Kama unaendesha mtambo wowote kisiwani na kitufe chako cha dharura ni picha, usisubiri tachi iharibike ndipo umwite fundi.

Mpwa alikuja kuangalia kazi ikiisha. Aliuliza swali zuri: ikiwa ni hivyo, kwa nini tusiondoe skrini kabisa, tukarudi kwenye taa na swichi? Kwa kiwanda kidogo kama hiki lingewezekana, na zamani ndivyo ilivyokuwa. Lakini msimamizi hakutaka hata kulisikia. Skrini ilimwambia, mwaka jana, kwamba joto la gesi linapanda kabla kompresa haijaungua, na mashine zenye taa tupu hazisemi hivyo. Kishikwambi nacho hakikutupwa. Kiko ofisini, kwenye hewa kavu, kinamwonyesha Bi Mkubwa vipimo vile vile akiwa amekaa na daftari lake la mauzo. Kwenye meza ile, kwa mikono ile, ndicho chombo kinachofaa, na paneli ya ukutani ingekuwa kero.

Jua la alasiri limebaki kuwa shida. Dirisha linatazama magharibi, na kati ya saa kumi na magharibi msimamizi huweka kiganja juu ya skrini ili asome namba. Ndiyo tabia ya matabaka mawili yenye hewa katikati, kila uso unarudisha mwanga kidogo. Tumeweka kijipaa cha bati juu ya paneli, kimesaidia kiasi.

Kuna tachi ya akiba, imefungwa kwenye mfuko mkavu ndani ya kabati la ofisi, pamoja na karatasi yenye vipimo vya omu vya siku iliyofungwa hii mpya, ili fundi atakayefuata awe na cha kulinganisha. Paneli yenyewe ikija kufa, Bi Mkubwa ameshaandika atakachodai kwa muuzaji: skrini ya nyaya tano, uso wenye kinga ya kiwango cha IP65, yaani usioingiza vumbi wala maji ya kurushiwa, na faili la programu ya paneli likabidhiwe kwake siku ya kufungwa. Hili la mwisho ndilo ambalo hatujalipata kwa paneli ya sasa. Aliyeufunga mtambo hakuliacha, na bila ya faili hilo hatuwezi kukiondoa kitufe cha zamani cha TOA kwenye skrini wala kile chekundu. Vimebandikwa utepe mweusi, wafanyakazi wameambiwa wasiviguse, na barua ya pili ya kulidai imeshapelekwa.